Watoto Wanaotibiwa Saratani: Dawa Peke Yake Haitoshi

Kila mwaka, tarehe 11 Februari, Mama Kanisa anapofanya Kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, anaadhimisha pia Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku nne baadaye, tarehe 15 Februari, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto. Siku hizi mbili zinakaribiana sana katika kalenda. Hata hivyo, katika parokia zetu nyingi ile ya kwanza huadhimishwa kwa Ibada ya Misa Takatifu na Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, na ile ya pili hupita bila kutajwa. Huenda ni kwa sababu waamini wengi bado wanaihesabu saratani kuwa ugonjwa wa wazee. Makala haya yanapenda kuwaalika Watu wa Mungu watafakari hali ya watoto hao, na hasa swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: je, mtoto anaishije katika miezi au miaka ile anayoendelea kutibiwa?

Pengo kati ya mtoto na mtoto

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 kati yao hupona. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafikii asilimia 30. Tofauti hii haitokani na maumbile ya ugonjwa. Saratani ya damu, saratani ya figo, saratani ya jicho na uvimbe wa taya ujulikanao kama Burkitt ni zilezile huku na kule, na dawa nyingi zinazozitibu zimekuwako kwa miaka mingi. Uvimbe wa Burkitt ulielezwa kitaalamu mwaka 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi mjini Kampala, nchini Uganda. Ni ugonjwa wa watoto wa ukanda wetu huu wa Ziwa Viktoria, unakua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri sana, mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema na amalize tiba.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kimataifa wenye lengo la kuhakikisha kwamba, ifikapo mwaka 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona. Takwimu hii hutajwa mara nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba lengo hilo lina sehemu ya pili, nayo ni kupunguza mateso ya watoto wote wenye saratani, watakaopona na wasiopona. Sehemu hizi mbili haziwezi kutenganishwa, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Wataalamu wanapotaja sababu za watoto wengi kufariki katika nchi zetu, wanataja kuchelewa kugundulika kwa ugonjwa, ugonjwa kugundulika kimakosa au kutogundulika kabisa, na kukosekana kwa huduma. Pamoja na hayo, wanataja sababu nyingine mbili zisizozungumzwa sana vijijini: watoto kuacha tiba katikati, na watoto kufariki kutokana na ukali wa dawa zenyewe badala ya saratani. Sababu hizi mbili zina uhusiano wa moja kwa moja na chakula cha mtoto, usingizi wake, maumivu yake, mahali anapolala mama yake, na nauli ya kurudi hospitalini. Kwa maneno mengine, mambo tunayoyaona kuwa ya pembeni ndiyo mara nyingi yanayoamua kama mtoto ataishi.

Safari ndefu ya familia moja

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka saba, kutoka kijiji chochote cha mkoa wa Kagera au Kigoma, anayegundulika kuwa na saratani ya damu. Tiba yake itachukua miaka miwili hadi mitatu. Katika miezi ya mwanzo atalazwa muda mrefu, pengine katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, au katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Atachomwa sindano, atawekewa dripu, na mara kwa mara atachomwa sindano ya mgongoni ili dawa ifike kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Nywele zitanyonyoka. Atatapika. Atapata vidonda mdomoni hata kumeza uji kuwe mateso. Kinga ya mwili itashuka, na homa ambayo kwa mtoto mwingine ni jambo dogo kwake itakuwa dharura ya kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo, tena bila kusubiri kupambazuke.

Mama ndiye atakayekaa naye. Shamba litabaki bila mtu wa kulilima, na wadogo zake watalelewa na bibi. Baba atauza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha kipande cha ardhi. Baada ya miezi mitatu mtoto ataanza kuonekana mzima: uvimbe umekwisha, anacheka, anakula. Hapo ndipo jaribu kubwa linapokuja. Familia iliyochoka, iliyofilisika na iliyomwona mtoto akiteswa na dawa itajiuliza kwa nini imrudishe kwenye mateso hayo ilhali amepona. Jirani atashauri mitishamba. Mwingine atasema mtoto amerogwa. Mhubiri fulani atadai kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani. Kwa lugha ya kitabibu, mgonjwa asiyehudhuria tiba kwa wiki nne mfululizo au zaidi bila sababu ya kitabibu huhesabiwa kuwa ameacha tiba. Mara nyingi ugonjwa hurudi, na unaporudi huwa mgumu zaidi kuutibu.

Si haki kuilaumu familia hiyo kwa ujinga. Familia hiyo imepiga hesabu ya maumivu na gharama kwa kadiri ya mwanga iliyokuwa nao. Kama mtoto angepewa dawa ya kutuliza maumivu na kichefuchefu, kama mama angekuwa na mahali pa kulala na chakula, kama nauli ya safari inayofuata ingekuwa mkononi, na kama mtu angekaa nao kuwaeleza kwa nini tiba huendelea hata baada ya uvimbe kutoweka, hesabu hiyo ingekuwa nyingine. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na hii ni hatua inayostahili pongezi. Hata hivyo, bima kwa asili yake hulipia vipimo na matibabu. Nauli ya basi, sahani ya mama na ada ya wadogo waliobaki nyumbani hubaki mabegani mwa familia na, kama Kanisa ni familia ya Mungu inayowajibika, hubaki mabegani mwetu pia.

Ubora wa maisha katika mwanga wa imani

Baadhi ya waamini husita wanaposikia maneno "ubora wa maisha", na wanayo sababu. Katika Waraka wake wa mwaka 1995 uitwao "Evangelium vitae", yaani "Injili ya Uhai", Mtakatifu Yohane Paulo II alionya dhidi ya mtazamo unaopima thamani ya mtu kwa uzalishaji, starehe na uzuri wa mwili, na kuwaona wagonjwa na wanyonge kuwa mzigo. Kanisa linafundisha kwamba uhai wa binadamu ni zawadi ya Mungu, na utu wa mtoto aliyelala kitandani bila nywele na bila nguvu ni sawasawa na utu wa mtoto anayekimbia uwanjani. Ubora wa maisha hauwezi kamwe kuwa kipimo cha kuamua nani astahili kuishi.

Lakini kwa sababu hiyohiyo, Kanisa linadai kwamba mwenye utu huo ahudumiwe inavyostahili utu wake. Thamani ya mtoto haipungui anapoumwa. Kwa hiyo wajibu wetu wa kumwondolea maumivu, kumlisha, kumfundisha na kumfariji nao haupungui. Barua ya mwaka 2020 iitwayo "Samaritanus bonus", yaani "Msamaria Mwema", inasisitiza kwamba hata pale ambapo uponyaji hauwezekani tena, huduma kwa mgonjwa haikomi, na inawazungumzia watoto kwa namna ya pekee.

Wapo pia wanaodhani kwamba kutafuta dawa ya maumivu ni udhaifu wa imani, kwa kuwa Mkristo anapaswa kuubeba Msalaba. Ni kweli kwamba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Kitume "Salvifici doloris" wa mwaka 1984, alifafanua maana ya Kikristo ya mateso ya binadamu yanapounganishwa na mateso ya Kristo. Lakini waraka huohuo unahitimisha tafakari yake kwa mfano wa Msamaria Mwema, ambaye aliposimama mbele ya mtu aliyejeruhiwa alimfunga majeraha. Mapema zaidi, mwezi Februari 1957, Papa Pio XII aliwaeleza madaktari kwamba ni halali kutumia dawa kali za kutuliza maumivu kwa mgonjwa anayezihitaji. Mtu mzima anaweza kuchagua kwa hiari kuyatolea maumivu yake kwa Mungu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuchaguliwa Msalaba na watu wazima.

Mwinjili Marko, katika sura ya tano, anasimulia habari za binti wa Yairo, aliyekuwa na umri wa miaka 12. Yesu alipofika nyumbani aliwatoa nje watu waliokuwa wakipiga kelele na maombolezo, akaingia mahali alipokuwa mtoto pamoja na baba yake, mama yake na wanafunzi watatu tu. Akamshika mkono, akamwinua. Kisha akatoa maagizo mawili: jambo hilo lisitangazwe, na mtoto apewe chakula. Bwana wa uhai, aliyekwisha kutenda lililo kubwa kuliko yote, hakuona mlo wa binti huyo kuwa jambo dogo. Alitaka wazazi wawe karibu, akataka utulivu, akamkinga mtoto na macho ya umati, na akakumbuka kwamba ana njaa. Huduma nzima ya mtoto mgonjwa imo humo.

Yanayowezekana tayari yanaonekana

Haya si mambo ya kufikirika. Pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali ili watoto watibiwe bila malipo, familia zipate malazi, na watoto waendelee na masomo na michezo wakiwa wodini. Mtoto anayeshika kalamu kati ya dripu moja na nyingine anaambiwa, bila maneno, kwamba watu wanamtarajia kuwa na kesho.

Maumivu nayo yana njia zake. Mtoto wa miaka mitatu au minne hawezi kueleza kwa maneno jinsi anavyoumwa, lakini akionyeshwa michoro ya nyuso, kuanzia unaotabasamu hadi unaolia, anaweza kugusa ule unaofanana naye. Morfini ya kunywa ni dawa ya bei nafuu, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa watoto. Kinachoizuia mara nyingi ni hofu ya uraibu, pamoja na uhaba wa watu wenye ruhusa ya kuiandika. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman, ambaye hapo awali alikuwa mtawa wa Shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993; na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumsubiri daktari asiyekuwepo. Huduma hii huitwa tiba shufaa, nayo haianzi mgonjwa anapokata roho. Inapaswa kuanza siku ugonjwa unapogundulika na kwenda sambamba na tiba yenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inaihesabu kati ya matendo ya mapendo na kutaka iungwe mkono.

Wajibu wa parokia na jumuiya

Ni vyema tujichunguze dhamiri kuhusu namna tunavyowatembelea watoto hawa. Mara nyingi tunakwenda mara moja kwa mwaka, tukiwa wengi, na katoni za soda na biskuti, tunapiga picha na watoto wasio na nywele, kisha picha hizo zinasambaa kwenye simu za watu wasiowajua. Nia ni njema. Lakini tukumbuke maagizo mawili ya Yesu nyumbani kwa Yairo: mara nyingi sisi tunatangaza alichokataza kutangazwa, na tunasahau chakula alichoagiza. Zaidi ya hayo, mgeni mwenye mafua anaweza kumletea mtoto asiye na kinga maambukizi ya kumpotezea maisha. Upendo wa kweli huanza kwa kumuuliza muuguzi: nini kinahitajika, lini, na tuje wangapi?

Jambo la kwanza linalohitajika ni damu. Dawa za saratani huudhoofisha uboho, na mtoto huhitaji kuongezewa damu pamoja na chembe sahani zinazozuia kutokwa damu ovyo. Damu ya kawaida huhifadhiwa kwa wiki tano hivi, lakini chembe sahani hudumu siku tano hadi saba tu. Kwa sababu hiyo, kampeni moja kubwa kila mwaka haiwezi kumsaidia mtoto anayezihitaji mwezi Agosti. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Kanda za parokia zikipeana zamu mwaka mzima, kwa kushirikiana na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, hakutakuwa na mwezi usio na wachangiaji.

Jambo la pili ni nauli na hifadhi. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ndiyo inayoijua familia kwa jina, na ndiyo ya kwanza kuona kwamba safari ya hospitali imeahirishwa. Mfuko mdogo wa kigango unaotoa nauli kwa tarehe inayojulikana unaweza kuzuia mtoto asiache tiba. Mtoto anayetibiwa akipata homa usiku, gari la parokia au la muumini mmoja liwe tayari bila mjadala. WAWATA na akina mama wengine waishio karibu na hospitali za rufaa wanaweza kupokezana kumpikia mama aliyetoka mbali, na akina baba wakasaidia kulima shamba lililoachwa.

Jambo la tatu linawahusu watoto wenyewe. Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu lilianzishwa nchini Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao. Hakuna utume unaowafaa zaidi kuliko kumwandikia barua mwenzao aliyelazwa, kumtunzia daftari la masomo aliyoyakosa, na kumpokea anaporudi bila kumcheka kichwa chake. Makatekista na walimu wawafundishe kwamba saratani haiambukizwi kwa kukaa dawati moja wala kwa kucheza pamoja. Kwa mtoto aliyeshinda ugonjwa, kutengwa darasani ni jeraha jipya.

Mapadre nao wanaalikwa wasisubiri kuitwa wakati wa kufa. Mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili anaweza kupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, na familia inayomwona padre mapema haitaiona sakramenti hii kama tangazo la kifo. Padre akisema wazi mbele ya familia kwamba sala na dawa havipingani, neno lake litakuwa na uzito kuliko vipeperushi vingi.

Swali lisilo na jibu jepesi

Tarehe 11 Julai 2021, Baba Mtakatifu Francisko, akiwa amelazwa katika Hospitali ya Gemelli mjini Roma, alisali Sala ya Malaika wa Bwana akiwa kwenye roshani, na watoto wagonjwa wakiwa kando yake. Alikiri kwamba swali la kwa nini watoto wanateseka linagusa moyo, na akawaombea wagonjwa wote. Siku hiyohiyo alisisitiza umuhimu wa huduma bora ya afya inayomfikia kila mtu. Hakulijibu swali la kwanza kwa maelezo marefu. Alisimama pamoja na watoto, kisha akazungumzia huduma.

Nasi hatuna jibu jepesi la kumpa mama anayeuliza wodini kwa nini mwanawe. Tunaweza kumpa chakula cha jioni, kitanda cha kulala, nauli ya mwezi ujao, na mtu wa kukaa naye kimya. Baadhi ya watoto hawa watapona na kurudi kwenye madawati yao. Wengine watatutangulia kwa Baba, na Mungu apende waende bila maumivu, mikononi mwa wazazi wao. Kwa wote hao siku wanazoishi leo ni siku kamili za maisha yao, na tutaulizwa tulizifanyia nini. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, aliyesimama chini ya Msalaba wa Mwanae, awaombee watoto hawa, wazazi wao, na wauguzi wanaokesha nao.